Chale Mpya: Jinsi Ngozi Inavyopona

Chale si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Katika nyanda za Wamakonde, pande zote mbili za Mto Ruvuma, wazee wachache bado wana nyusoni mwao mistari na pembe zilizotojwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa masizi walipokuwa vijana. Kilichobadilika ni chombo. Tangu Samuel O'Reilly alipopata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora ngozi mjini New York, mwaka 1891, sindano imekuwa ikichukua nafasi ya kisu, na vijana wa mijini siku hizi huiita kazi hiyo tatuu. Kwa upande wa ngozi yenyewe hakuna tofauti kubwa: chale, iwe ya kisu au ya mashine, ni jeraha lililotiwa rangi, na utunzaji wake ni utunzaji wa jeraha.

Ngozi ina matabaka mawili makubwa. Tabaka la nje, yaani epidemisi, katika sehemu nyingi za mwili halizidi sana unene wa karatasi, kiasi cha milimita 0.1. Seli zake hubanduka na nafasi zake kushikwa na seli mpya katika muda wa wiki nne hadi sita hivi. Rangi inayoishia hapo, kama ile ya hina, haina budi kutoweka. Chini yake iko demisi, yenye mishipa ya damu, neva na nyuzi za kolajeni. Sindano ya mchoraji huuacha wino humo, milimita 1 hadi 2 chini ya uso wa ngozi. Ndiyo sababu masizi, ambayo ni meusi, huonekana kama yana rangi ya samawati iliyokoza: nuru hutawanywa na ngozi iliyo juu yake kabla ya kutufikia. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kutia matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji na kuiweka mbele ya kitambaa cheusi, huku ikimulikwa kwa tochi kutoka ubavuni.

Lakini kwa nini wino hauondolewi na mwili? Jibu linaanzia kwa Ilya Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba katika lava angavu za kiti cha pweza, na kesho yake akaona seli zimekusanyika kuizunguka miiba hiyo kana kwamba zinataka kuimeza. Seli walaji za namna hiyo ndizo zinazoitwa makrofaji, na uchunguzi huo ulimwezesha kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908. Wino unapoingia katika demisi makrofaji huumeza vivyo hivyo, ila hushindwa kuuyeyusha. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino, nao humezwa papo hapo na makrofaji nyingine. Picha inayodhaniwa kuwa imetulia kwa kweli inapokezanwa kutoka seli hadi seli kwa miaka yote. Sehemu ya wino huchukuliwa na limfu hadi kwenye tezi za jirani, na madaktari wa upasuaji huzikuta mara nyingine tezi za kwapani zikiwa na rangi ya chale ya mkononi.

Mara baada ya kuchorwa, ngozi huvuja damu kidogo na majimaji ya plazma, huvimba na kupata joto. Majimaji yakikauka hufanya kigaga. Chini yake seli za epidemisi hutambaa kutoka kingo za jeraha na kutoka mashina ya vinyweleo mpaka zikutane. Mwaka 1962 George Winter, aliyefanya utafiti wake London, alieleza majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe: majeraha mepesi yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki yaliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko yale yaliyoachwa yakauke. Seli haziwezi kutambaa juu ya kigaga kikavu; hulazimika kujichimbia njia chini yake.

Kutokana na hayo utunzaji unajieleza wenyewe. Chale mpya huoshwa kwa mikono safi, kwa sabuni isiyo kali na maji safi, mara moja au mbili kwa siku. Hukaushwa kwa kugusishwa kitambaa safi bila kusugua, kisha hupakwa mafuta yasiyo na manukato. Yapakwe machache tu, kwani jeraha linahitaji unyevu na si kulowa. Spiriti, ambayo watu wengi huiamini kwa kuwa inawasha, huua pia zile seli zinazotambaa. Majivu, udongo na samadi ni hatari zaidi, maana humo hukaa mbegu za bakteria wa pepopunda. Kigaga kisibanduliwe, kwa kuwa huweza kutoka na wino pamoja na ngozi changa.

Uso wa ngozi hufunga kwa wiki mbili hadi nne, ingawa demisi huendelea kujijenga kwa miezi. Kabla ya kufunga, chale isianikwe juani wala kuzamishwa katika bwawa au bahari. Mwaka 2017 jarida moja la tiba lilieleza habari za mtu aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia katika damu yake, na kwa kuwa ini lake lilikuwa na maradhi tangu awali, alifariki.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi havilielezi vya kutosha. Vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na ishara ya kwanza vinayoitaja ni wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, au ukaonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Anayeungojea atachelewa. Kipimo bora ni joto: mgongo wa mkono uliooshwa uwekwe kando ya chale, kisha mahali kama hapo upande wa pili wa mwili. Joto, uvimbe na maumivu hupungua kuanzia siku ya pili au ya tatu. Yakizidi baada ya hapo, au ukitoka usaha, au tezi za kwapani au kinenani zikivimba pamoja na homa, ni wajibu kwenda zahanati siku hiyo hiyo.

Yako madhara ambayo hakuna uoshaji utakaoyazuia. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Sindano moja ya kushonea ikizungushwa bwenini pamoja na wino wa kalamu, yule wa pili kuchomwa amekwisha kuingia hatarini kabla chale yake haijahitaji kutunzwa. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kupita njia hiyo.

Tena kuna keloidi, kovu lisilojua kikomo chake, ambalo hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoga sikio au kuchanjwa ana sababu ya kutosha ya kuacha kuchorwa, hata akiwa na mchoraji hodari na sindano mpya. Kulikata peke yake mara nyingi hakusaidii: hurudi, na huenda likawa kubwa kuliko lile la kwanza.