Bei Iko Kwenye Boksi, Mlango Uko Kwenye Iqama

Chukua boksi la dawa ya shinikizo la damu katika duka lolote la dawa Riyadh au Jeddah, utakuta bei imechapishwa juu yake kwa riyali, na mwenye duka hana ruhusa ya kuipandisha. Bei hiyo hupangwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia, iliyoanzishwa mwaka 2003, baada ya kutazama dawa hiyo hiyo inauzwaje katika nchi nyingine. Ununuzi wa hospitali za serikali umekabidhiwa kampuni moja, NUPCO, iliyoundwa mwaka 2009. Kwa huduma iitwayo Wasfaty, mgonjwa huandikiwa cheti cha kielektroniki hospitalini, kisha huchukua dawa bila kulipa katika duka binafsi lililo karibu naye. Wengi wetu Afrika Mashariki tukisikia haya husema: wana mafuta. Mafuta yanasaidia, sikatai, lakini fedha peke yake haishushi bei. Mwaka 2014, matibabu ya wiki 12 ya sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina ya C, yalitangazwa Marekani kwa dola 84,000. Misri ilijadiliana na kampuni inayoitengeneza ikayapata kwa takriban dola 900. Haikuwa na utajiri wa Marekani. Ilikuwa na mamilioni ya wagonjwa, na serikali iliyosema kwa niaba yao wote.

Nchi za Ghuba zenyewe, pamoja na neema yote hiyo, zimekuwa zikiagiza dawa kwa pamoja tangu miaka ya 1970 kupitia baraza lao la afya lenye makao Riyadh. Ikiwa tajiri ameona haja ya kuungana na jirani ili apate bei nafuu, maskini anasubiri nini? Bohari ya Dawa ya Tanzania ilikwisha kuteuliwa kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC, kwa hiyo njia tunaijua. Atakayepinga atasema serikali zetu huchelewa kuwalipa wauzaji, na mdeni hapewi punguzo. Ni kweli, na ndiyo maana fedha za dawa zitengwe na kulindwa kabla ya kuagiza chochote.

Hata hivyo, Saudia inatuonyesha pia kwamba duka linaweza kujaa dawa na mgonjwa akazikosa. Tangu mwaka 2018 marufuku ya kuuza antibiotiki bila cheti cha daktari inasimamiwa kwa ukali. Ni hatua sahihi ya kuzuia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mwezi Novemba 2024 mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana Jeddah kuujadili. Lakini sheria hiyo imeuhamisha mlango kutoka kaunta ya duka hadi kwa daktari, na kwa mgeni, kumwona daktari kunategemea iqama, yaani kibali cha ukaazi, na bima. Mwajiri wa kampuni analazimika kumkatia mfanyakazi wake bima. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, sharti la bima lililoanza Julai 2024 linamgusa mwajiri mwenye zaidi ya wanne. Dada wa Mombasa au Kampala aliye peke yake katika nyumba moja anabaki akitegemea kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, akubali kumpeleka hospitali. Na aliyetoroka, iqama ikaisha, anaogopa hata kuingia.

Wako wanaosema kumtibu asiye na kibali ni kumtuza kwa kuvunja sheria. Saudia yenyewe ilikwisha kuijibu hoja hiyo: Machi 2020 Mfalme Salman aliagiza kila mgonjwa wa korona atibiwe bure, wakiwemo waliokiuka sheria za ukaazi, kwa kuwa maradhi hayakagui karatasi. Usugu wa dawa nao haukagui. Serikali zetu zinapotia saini mikataba ya ajira na Riyadh, zidai bima ya afya kwa kila mfanyakazi wa nyumbani, hata akiwa mmoja. Nawe unayemsindikiza binti yako uwanja wa ndege, uliza habari za bima yake kabla hujauliza mshahara.