Sekunde tano za kusema kweli

Mchana wa tarehe 9 Juni 1995, meli ya watalii Royal Majesty iling'oa nanga Bermuda ikielekea Boston, Marekani. Ilikuwa na watu 1,509. Saa moja haikuisha, waya wa antena ya GPS ukaachana na antena yake. Kipokezi kikakosa setilaiti, kikalia kidogo kama saa ya mkononi kwa muda wa sekunde moja hivi, kisha kikanyamaza.

Hakikuzimika, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kiliendelea kuonyesha mahali pa meli kwa kukisia, kikitumia mwelekeo wa dira na kasi ya chombo, bila kujua upepo na mkondo vinaisukuma meli upande gani. Kwenye kioo zilitokea herufi chache ndogo za kueleza kwamba sasa ni makisio tu. Hakuna aliyezitilia maanani. Usukani wa kiotomatiki nao ulipokea takwimu hizo kama za kweli, maana haukutengenezwa kutambua ishara ya kwamba zimebatilika. Ulikuwa na hesabu yake ya kulinganishia, lakini hesabu hiyo ilitoka kwenye dira ileile na kasi ileile, hivyo zikapatana kila mara.

Baada ya saa 34 hivi, meli ilikuwa imepotoka njia yake kwa maili 17 za baharini. Usiku wa tarehe 10, ikapanda fungu la mchanga la Rose and Crown, mashariki ya kisiwa cha Nantucket. Hakuna aliyeumia, ila hasara ilifika takriban dola milioni 7. Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu maofisa wa zamu kwa kukitegemea chombo kimoja kupita kiasi, ilhali melini mlikuwa na Loran-C, mfumo mwingine uliotumia minara ya nchi kavu, na hawakuulinganisha na GPS. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini hata mtu makini hudanganyika na mashine inayokisia kwa sura ya uhakika.

Ndiyo maana viwango vya vifaa hivi vina mambo mengi zaidi ya usahihi wa mita kadhaa. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha viwango vya vipokezi vya GPS vya melini Novemba 1995, likavirekebisha Desemba 2000 kwa vifaa vinavyofungwa kuanzia 1 Julai 2003. Kipengele chenye uzito ndani yake ni kifupi: kipokezi kikipoteza uwezo wa kupata mahali, kitoe onyo ndani ya sekunde 5. Kionyeshe mahali pa mwisho palipojulikana na saa yake, na kieleze hali yake waziwazi pasipo utata.

Yapo na masharti mengine. Kipokezi kisicho na kumbukumbu yoyote ya setilaiti kipewe dakika 30 kupata mahali. Chenye kumbukumbu, dakika 5. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ndiyo inayoeleza namna ya kupima hayo yote. Ndiyo pia inayopanga jinsi vifaa vinavyopashana habari, ili rada au usukani ujue takwimu ipi ni halali na ipi imebatilika. Kifaa cha nje hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri na joto la nyuzi 55, pamoja na mtikisiko na maji.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli ziwe na kipokezi cha setilaiti au cha mfumo wa redio wa nchi kavu. Meli ya kigeni ikitia nanga Mombasa au Dar es Salaam inaweza kukaguliwa, kwa kuwa Kenya na Tanzania zimo katika makubaliano ya ukaguzi wa meli ya Bahari ya Hindi. Kwa vyombo vidogo na vya uvuvi, mkataba unaiachia kila serikali iamue. Mvuvi anayetoka na simu mfukoni ana GPS, tena nzuri, lakini simu hiyo haikutengenezwa kwa masharti ya sekunde 5.

Viwango navyo vina mipaka. Mwaka 2017, meli zilizokuwa Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk, Urusi, zilijikuta kwenye ramani ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik, mbali na zilipokuwa. Inaaminika kuwa mtu alikuwa akirusha mawimbi ya kughushi. Kipokezi hakikuwa na la kuonya, kwa sababu kwa hesabu zake mambo yalikuwa sawa. Mwaka 2015 IMO ilikuwa imeshapitisha viwango vya vipokezi vinavyotumia mifumo kadhaa kwa pamoja, ya Marekani, Urusi, Ulaya na China. Vinasaidia, ingawa mwenye mtambo wa kutosha anaweza kuighushi zaidi ya mmoja.

Anayenunua kipokezi kwa ajili ya boti ya abiria atafute nembo ya usukani wa meli, ambayo kwa sheria za Umoja wa Ulaya mtengenezaji huiweka kwenye vifaa vilivyopimwa. Amuulize muuzaji kifaa hufanya nini kikipoteza setilaiti, na akikifunga asiing'oe dira.