Mkanda wa Altaneta: Unaweza Kuubadilisha Mwenyewe

Wenzetu wengi hapa Uingereza wanakula kwa gari: huyu teksi ya usiku, yule kupeleka mizigo majumbani. Gari likilala, na jiko nalo limelala. Ndiyo maana leo tunauzungumzia mkanda ule ambao nyumbani mafundi bado wanauita fenibelti, ingawa kwenye magari mengi ya sasa feni ni ya umeme. Mkanda huu huzungusha altaneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi, na katika baadhi ya magari pampu ya usukani na ya maji.

Ukikatika njiani, taa ya betri huwaka na usukani unaotegemea pampu hiyo huwa mzito. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo. Anayesema "nitafika tu" hujikuta anatafuta injini. Liko baya zaidi. Katika baadhi ya injini, nyuzi za mkanda uliochanika huvutwa nyuma ya puli ya krenki zikaingia kwenye mkanda wa taimingi, na hapo pistoni na valvu huweza kugongana.

Tulizoea kutazama nyufa. Mikanda ya siku hizi huweza kuliwa kama tairi bila kuonyesha ufa hata mmoja, kwa hiyo tazama kina cha mifereji, na usipuuze mlio wa asubuhi unapowasha gari.

Mkanda wenyewe si ghali. Ghali ni saa ya fundi. Dukani watautafuta kwa namba ya gari, lakini linganisha na ule wa zamani: 6PK1200 ni mbavu 6 na urefu wa milimita 1200.

Injini iwe imepoa, ufunguo mfukoni, waya hasi wa betri umefunguliwa. Kabla ya kugusa kitu, piga picha njia ya mkanda. Ukishatoka, kumbukumbu haisaidii. Sukuma tenshena kwa spana ndefu, mkanda ulegee, uutoe. Sasa zungusha kila puli ndogo kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba beringi yake imekwisha, na mkanda mpya hautadumu nayo. Mafuta yakivuja juu yake, zuia kwanza.

Unapovalisha, kila ubavu ukae kwenye mfereji wake. Ukipishana kwa mfereji mmoja tu, utajichana. Zungusha krenki kwa spana mara 2, kwa upande inakozungukia injini, utazame tena, ndipo urudishe betri na kuwasha.

Magari mengine hayana tenshena. Mkanda wake ni wa kunyumbuka na una kifaa chake. Kuulazimisha kwa bisibisi ni kuuua, hiyo mwachie fundi. Na ikibidi kuingia chini ya gari, liwe juu ya stendi, siyo jeki peke yake.

Wanaosafirisha magari kwenda Zanzibar au Mombasa watie na mkanda wa akiba kwenye buti.