Mvua ya Bweyeye ilisemaje?



Mwezi huu tuongee juu ya mashairi ya watoto. Usiogope, mzazi, hatudai vina wala mizani. Hata mtoto wa darasa la pili anayaweza, maana kazi kubwa inafanywa na masikio.

Kiswahili kina maneno yanayoiga sauti. Shuleni huitwa tanakali za sauti. Jiwe likianguka majini ni chubwi! Likianguka mchangani ni tifu! Maji yakidondoka ni ndo ndo ndo. Mengine yanaonyesha hali: nyeupe pe, nyeusi tii, kulala fofofo, kimya ji. Na kila neno lina mwenzake. Jaribu kusema “nyeusi pe” uone watoto watakavyocheka! Katika kucheka huko, lugha inaingia.

Nilijaribu na watoto wa jirani. Wakubwa wao walivuka na wazazi kutoka Burundi mwaka 2015, wakapita Bweyeye, kule Rusizi kando ya msitu wa Nyungwe. Wadogo wamezaliwa huku, wanaisikia Bweyeye kwenye hadithi tu. Nikawaambia: fumbeni macho. Mvua ya kule ilisemaje? Kwanza walisema kwa mdomo, kila mtu sauti yake. Kisha tukaandika pamoja:

Wingu jeusi tii,
mvua juu ya shitingi, pa pa pa,
nguo zetu chapachapa.
Mama kanifunika kitenge,
nikalala fofofo.

Wadogo wakaomba turudie mara tatu. Lakini kijana mmoja aliweka kalamu chini. Kwake yeye pa pa pa haikuwa mvua, ilikuwa risasi. Hapo nilijifunza, ndugu zangu: sauti moja haimwambii kila mtoto jambo moja. Sikumlazimisha. Nikamwambia, “Chagua sauti yako mwenyewe, au pumzika.” Baada ya muda akaandika mstari mmoja tu: “Usiku umepita, kimya ji.” Hatukuongeza kitu. Lilikuwa shairi kamili.

Basi nyumbani fanya hivi. Kaeni kimya kidogo, msikilize: sufuria, kuku, jerikani ikijazwa. Mtoto aige kwa mdomo kabla ya kushika kalamu. Aseme nani au nini kinatoa sauti hiyo, na wapi. Mistari mitatu inatosha. Akibuni neno lisilo kwenye kamusi, usimkosoe, mwulize alilisikia wapi. Kama mnasema Kirundi au Kinyarwanda, andikeni kwa lugha hiyo. Bibi na babu ndio wenye hazina, waulizeni.

Mtoto akishtuka au akilia, acheni mchezo, mkumbatie. Ikiendelea siku nyingi, mwone mwalimu wake au mhudumu wa afya.

Jioni hii, kabla ya kulala, mwulize mwanao: leo umesikia nini? Halafu wewe nyamaza, umsikilize.