Hekta Moja, Viwanja Ishirini na Vitano

Chukua kiwanja cha ishirini kwa ishirini, kipimo ambacho dalali wa Kagongwa, mkoani Shinyanga, hukitaja bila kufikiri. Ni mita za mraba 400, kwa hiyo hekta moja inatoa viwanja 25 kabla hujakata barabara. Siku ya kwanza utakuta bikoni nne za zege, rundo la matofali na kisiki cha mgunga kilichoanza kuchipua. Mbuzi wa jirani watayamaliza machipukizi kabla msingi haujainuka. Bei, saruji na nondo zimeandikwa kwenye daftari. Kisiki hakimo.

Uingereza wamekiandika. Kwa Sheria ya Mazingira ya 2021, iliyoanza kubana miradi mikubwa Februari 12, 2024 na midogo Aprili 2, anayejenga lazima aache bioanuwai imeongezeka kwa angalau asilimia 10, kisha itunzwe miaka 30. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha: ukubwa, mara thamani ya uoto, mara hali yake, na nyongeza ndogo kutegemea mahali. Hekta ya vichaka vya thamani ya kati (4) na hali ya wastani (2) ni yuniti 8. Ukizifuta zote unadaiwa 8.8. Ukikosa ardhi ya kufidia, unanunua hati serikalini, mbili kwa kila yuniti, na bei ya chini kabisa iliyotangazwa ilikuwa pauni 42,000. Hati 17.6 ni pauni 739,200. Bei ni kali makusudi, ili mtu ahangaike kutafuta ardhi kwanza.

Lete sheria hiyo Kagongwa kama ilivyoanza, haitamkamata mtu. Ilipoanza iliwasamehe wanaojijengea, hadi nyumba tisa kwenye eneo lisilozidi nusu hekta. Na Kagongwa nani hajijengei? Chumba leo, kingine mpunga ukiuzika. Kwa maoni yangu wa kubanwa ni anayekata shamba, siku ile mchoro wa viwanja unapopitishwa. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, ila asilimia ya nyongeza haina.

Inaniuma kidogo, kwa sababu nyongeza ndiyo kazi ambayo Shinyanga inaijua kuliko wengi. Misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o, pamba ikafuata, kisha watu wakahamishiwa vijijini wakaacha ngitili zao: maeneo yanayofungwa mvua zikianza, nyasi na miti ikue, yafunguliwe kwa ng'ombe kiangazi kikikaza. Mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 611. Kufikia 2004 zilikadiriwa kuwa hekta 377,756 katika vijiji 833. Ni mara 618. Sehemu kubwa haikupandwa. Mizizi ilikuwamo ardhini ikisubiri kuachwa.

Gharama ilikuwa ulinzi, na ulinzi ulibebwa na dagashida, yaani baraza la jadi la kijiji, na walinzi wa sungusungu: ukiingiza ng'ombe wakati eneo limefungwa, unapigwa faini na watu unaokutana nao mnadani. Wanyamapori waliorudi nao walikula mazao, hasara iliyokadiriwa kwa dola 63 kwa familia kwa mwaka. Upande wa pili wa daftari, utafiti wa 2005 ulikuta ngitili inampa mtu mmoja faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya Mtanzania wa kijijini yalikuwa 8.50. Kuni, nyasi za kuezekea, dawa, asali, na saa ambazo mama hakuzimaliza njiani.

Sasa mji unasogea. Ngitili ya kijiji ilikuwa na wastani wa hekta 164: kwa ishirini kwa ishirini, viwanja 4,100. Ya familia, hekta mbili au tatu, ni viwanja 50 hadi 75, na inaweza kwisha kwa wiki moja ya mnunuzi mwenye fedha taslimu. Tuseme mchoro ulazimishwe kuacha asilimia 10 ya zile 164. Hekta 16.4, viwanja 410 visivyouzwa, katikati ya mtaa wenye wageni watupu na usio na dagashida. Miaka 30 ni chaguzi sita za mwenyekiti wa mtaa.