Umbo la Land Rover ni Mali ya Nani?

Mtu wa pwani ya Bagamoyo hahitaji kuelezwa Land Rover ni gari gani. Lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo bodi lake likafanywa kwa aluminiamu. Kwetu, penye upepo wa chumvi, uhaba ule uligeuka neema, ingawa fremu ya chuma iliyo chini huliwa na kutu kama kawaida.

Mwezi Agosti 2020 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua shauri la umbo hilo. Kampuni ya Jaguar Land Rover ilitaka umbo la Defender liandikishwe kuwa alama yake ya biashara. Ineos, iliyokuwa ikiandaa gari lake la Grenadier, ilipinga, na kampuni ya kwanza ikashindwa.

Yafaa mfanyakazi alifahamu jambo hili. Hati ya umbo hulinda sura ya kitu, si injini yake, tena ina mwisho. Mwaka 1934 Gordon Buehrig alipewa hati huko Marekani kwa umbo lililozaa gari la Cord 810. Hati za namna hiyo hazikuzidi miaka 14. Leo mchoro ule ni wa yeyote autakaye. Jina na nembo ni jambo jingine: hivyo hulindwa kwa sheria yake.

Zama za ukoloni umbo lililoandikishwa London lililindwa Tanganyika pia, bila mwenyewe kuvuka bahari. Lakini seremala wa Bagamoyo, bingwa wa milango ya nakshi, kama alitaka hati ya namna hiyo, ilimpasa kuiomba London. Hatukumbuki haya kwa uchungu tu. Hati zile zilizowafaa wageni sasa zimekwisha muda, na michoro yake imebaki wazi, pamoja na maelezo ya breki, springi na bawaba.

Wala si ndoto. Kibaha, katika Mkoa huu huu wa Pwani, kituo cha Nyumbu kilibuni lori lake. Kinachowazuia mafundi wa gereji zetu ni lugha: hati hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Twataka SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ichague chache, izifasiri kwa Kiswahili, na ianze kuzigawa katika gereji za Bagamoyo.