Kuinua, Kubeba na Kugeuza Majeruhi

Tunapofasiri miongozo ya huduma ya kwanza, yatupasa kutenga vitenzi vitatu. Kuinua ni kumtoa majeruhi chini; kubeba ni kumchukua kwa machela; kugeuza ni kumlaza ubavu ili ubao upitishwe chini yake. Hatari kubwa imo katika hiki cha tatu. Adhaniwaye kuvunjika uti wa mgongo hugeuzwa na watu kadhaa, kwa amri ya yule aliyeshika kichwa, ili kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja. Mwongozo ukisema "mgeuze" tu, msomaji aweza kuanza na mabega, miguu ikabaki nyuma, na majeruhi akapooza. Hivyo twapendekeza "kugeuza kama gogo". Ajuaye kulala kama gogo ataelewa: gogo halina kiuno cha kupinda.